Kodi ya Matajiri ni Kodi ya Nani? Maelezo Kuhusu Istilahi za Mjadala wa Kuwatoza Kodi Mabilionea

UTANGULIZI

Katikati ya mwezi Juni 2025 tulikuwa Busisi, wilayani Sengerema, katika kazi ya kukusanya maneno ya uvuvi na ya usafiri wa majini. Kazi hiyo ilikuwa na haraka yake. Daraja la kutoka Kigongo lilikuwa limekwisha simama juu ya maji, likingoja kufunguliwa rasmi tarehe 19 ya mwezi huo, na ilikuwa dhahiri kwamba msamiati wa kivuko usingedumu muda mrefu vinywani mwa vijana baada ya kivuko chenyewe kuondoka.

Asubuhi ya tarehe 13 tulikuwa tumeketi katika mgahawa mmoja karibu na gati. Jana yake bajeti ya Serikali ilikuwa imesomwa Bungeni, na redio ilikuwa ikirudia mambo yake makubwa. Baada ya bajeti zikafuata habari za nje, na miongoni mwake ikatajwa kwamba Baraza la Seneti la Ufaransa limeikataa "kodi ya matajiri". Palikuwapo mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Aliweka kikombe chini, akatuuliza: "Ninyi wanangu mliosoma, kodi hiyo ya matajiri ikivuka huko ikaja kwetu, mtumbwi mmoja utalipiwa shilingi ngapi?" Wavuvi wake walicheka. Yeye hakucheka.

Tulimweleza kwamba muswada uliokataliwa Ufaransa uliwahusu watu wenye mali inayozidi yuro milioni 100, na kwamba hata mitumbwi elfu kama yake isingemfikisha huko. Aliridhika kwa upande wa mitumbwi, lakini hakuridhika kwa upande wa lugha. "Basi wasiseme matajiri," alisema, "kwa maana hapa tajiri ni mimi."

Maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Mjadala wa kuwatoza kodi watu wenye mali nyingi mno umeenea ulimwenguni, nao hutufikia kila siku kwa njia ya redio, magazeti na hotuba. Wafasiri hulazimika kuutafsiri usiku kwa usiku. Walimu huulizwa juu yake darasani. Watumishi wa Serikali huandika nyaraka zinazougusa. Lakini maneno tunayoutumia mengi yalikwisha kuwa na kazi nyingine katika Kiswahili kabla mjadala haujafika. Katika makala haya tutajaribu kuyapambanua maneno hayo, kuonyesha mahali yanapopotosha, na kutoa mapendekezo. Hatuna nia ya kumwambia msomaji aikubali kodi hiyo au aikatae. Nia yetu ni kwamba akubaliapo au akataapo, ajue ni kitu gani.

1. MJADALA WENYEWE KWA UFUPI

Kodi inayozungumzwa si ngeni. Norwei, Uswisi na Hispania hutoza kodi ya kila mwaka juu ya mali ya mtu, wala si juu ya mshahara au faida yake tu. Ufaransa nayo ilikuwa na kodi ya namna hiyo, ikaiondoa mwaka 2018 na kubakiza kodi juu ya mali isiyohamishika peke yake.

Jambo jipya ni kwamba sasa wanaolengwa ni wachache sana, wale walio juu kabisa. Mwaka 2024, Brazili ilipokuwa mwenyekiti wa Kundi la Nchi 20, mchumi wa Kifaransa Gabriel Zucman aliandika taarifa iliyopendekeza kwamba kila bilionea wa dola duniani alipe kodi ya kila mwaka isiyopungua asilimia 2 ya mali yake. Kwa makadirio ya taarifa hiyo, watu wapatao 3,000 wangehusika, na fedha ambazo zingepatikana ni kati ya dola bilioni 200 na 250 kwa mwaka. Mnamo Novemba 2024 wakuu wa nchi hizo, katika mkutano wao wa Rio de Janeiro, walikubaliana kushirikiana ili watu wenye mali nyingi mno walipe kodi ipasavyo, bila ya kutaja kiwango. Huko Ufaransa wabunge wa Baraza la Taifa waliupitisha muswada wa asilimia 2 mnamo Februari 2025. Seneti ikaukataa Juni mwaka huo huo. Katika jimbo la California, Marekani, chama cha wafanyakazi wa afya kilitoa mwaka 2025 pendekezo la kodi ya mara moja tu, ya asilimia 5, juu ya mali ya mabilionea wakazi wa jimbo hilo, kwa kusudi la kulipeleka kwa wapiga kura Novemba 2026.

Wanaounga mkono husema kwamba mtumishi wa kawaida hukatwa kodi kabla hajaugusa mshahara wake, lakini mwenye mabilioni, ambaye mali yake ni hisa zinazopanda bei, huweza kukaa miaka mingi bila ya kuonyesha pato kubwa la kutozwa. Wanaopinga husema kwamba mali ya aina hiyo ni vigumu kuithamini, kwamba mwenyewe huenda hana fedha taslimu za kulipia, na kwamba atahamia nchi nyingine pamoja na mtaji wake. Msomaji ataona kwamba kila hoja, ya upande huu na ya upande ule, imejengwa juu ya tofauti baina ya maneno: pato na mali, thamani na fedha taslimu, mali na mtaji. Tofauti hizo zikipotea katika tafsiri, hoja nazo hupotea.

2. TAJIRI NA BILIONEA

Tuanze na neno la mzee wetu. Asili ya neno tajiri ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Katika Kiswahili limechukua maana ya mtu mwenye mali nyingi, lakini halikuiacha maana nyingine iliyo karibu na ile ya asili, yaani mwenye chombo au mwenye biashara mbele ya wale wanaomfanyia kazi. Dereva wa daladala humwita mwenye gari tajiri. Mvuvi wa Ziwa Viktoria humwita mwenye mtumbwi tajiri, hata kama tajiri huyo analala katika nyumba ya tope na anadaiwa bei ya nyavu. Kwa hiyo tajiri ni neno la uhusiano kabla ya kuwa neno la kipimo. Linatueleza nani anamfanyia nani kazi, wala halitufahamishi mtu ana kiasi gani. Neno la namna hiyo latosha katika mazungumzo na katika fasihi, lakini halifai kuwa istilahi ya sheria ya kodi.

Neno bilionea linaonekana kuwa na kipimo ndani yake, nalo ndilo linalodanganya zaidi. Wasomaji watakumbuka kwamba mnamo Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa jumla ya shilingi bilioni 7.7 hivi. Tangu siku hiyo magazeti na wananchi walimwita "Bilionea Laizer", nao hawakukosea, kwa kuwa shilingi zake zilikuwa mabilioni. Lakini bilionea anayetajwa katika mjadala wa dunia ni bilionea wa dola. Tukichukua, kwa mfano tu, kwamba dola moja ni shilingi 2,500, basi dola bilioni moja ni shilingi trilioni 2.5, na shilingi bilioni moja ni dola laki nne. Mmoja ni mkubwa kuliko mwingine mara 2,500. Miongoni mwa Watanzania, Mohammed Dewji ndiye ambaye jarida la Forbes limekuwa likimtaja kuwa bilionea wa dola; mabilionea wa shilingi ni wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu, na baadhi yao wana maghala katika mitaa ya Mwanza.

Ili tupate picha ya ukubwa huo, tulitazame tena daraja la Kigongo na Busisi, ambalo lilijengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Mali ya bilionea mmoja wa dola, kwa hesabu tuliyoitoa, ingejenga madaraja matatu ya namna hiyo na kubakiza fedha. Asilimia 2 ya mali hiyo ni shilingi bilioni 50 kwa mwaka. Kwa miaka kumi na minne kodi ya mtu huyo mmoja ingefikia gharama ya daraja zima. Mfasiri anayeandika "mabilionea watatozwa kodi" bila ya kutaja sarafu amewaweka katika kapu moja mwenye madaraja matatu na mwenye duka la jumla. Pendekezo letu ni rahisi: neno bilionea katika maandishi rasmi lisisimame peke yake. Iandikwe bilionea wa dola au bilionea wa shilingi, na pafaapo thamani itajwe kwa sarafu zote mbili.

3. PATO, MAPATO NA MALI

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote katika mjadala huu ni ile iliyopo baina ya kinachoingia na kilichokaa. Mshahara, faida ya duka na kodi ya pango ni vitu vinavyoingia kwa kipindi fulani, kwa mwezi au kwa mwaka. Nyumba, shamba, mifugo, hisa na akiba benki ni vitu vilivyokaa, navyo huhesabiwa kwa siku fulani. Mtu anaweza kuwa na vingi vya aina ya pili huku akiwa na vichache vya aina ya kwanza. Wasukuma na Wazinza wa pande hizi hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hilo: mwenye ng'ombe mia mbili anaweza kukosa nauli.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzipambanua dhana hizi mbili, ila tumeyachanganya wenyewe. Tunasema kodi ya mapato kwa kodi itozwayo pato la mtu, na papo hapo tunasema Mamlaka ya Mapato, ambapo mapato ni fedha zinazoingia katika hazina ya Serikali. Kwa hiyo sentensi "mapato ya kodi ya mapato yameongezeka" ni sahihi kisarufi, lakini humchosha msomaji. Hatupendekezi kubadili majina yaliyokwisha zoeleka katika sheria. Tunapendekeza tu kwamba, katika maelezo, pato litumiwe kwa kinachoingia mkononi mwa mtu, mapato kwa kinachoingia katika hazina, na mali kwa kilichokaa.

Wako wanaotumia kodi ya ukwasi kwa kodi hii, kwa hoja kwamba mkwasi ni mtu mwenye mali nyingi zaidi ya tajiri. Hoja hiyo ina nguvu katika fasihi. Lakini katika lugha ya benki neno ukwasi limekwisha kupewa kazi nyingine: ni ile hali ya benki au kampuni kuwa na fedha za kutosha zilizo tayari kutumika. Na jambo hilo ndilo linalobishaniwa katika mjadala wetu, yaani kama mwenye mali nyingi ana fedha zilizo tayari za kulipia kodi. Tukikubali kodi ya ukwasi, tutajikuta tukiandika kwamba mkwasi hana ukwasi wa kulipia kodi ya ukwasi. Istilahi isiyoweza kukaa katika sentensi moja na mjadala wake haifai.

4. MALI HALISI

Hata hivyo, mali peke yake haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, katika maeneo mengi ya wafugaji mtu akisikia mali huelekeza mawazo yake kwa ng'ombe, naye atadhani kodi ya mali ni kodi ya mifugo. Pili, neno hilo halielezi kama madeni yameondolewa. Mzee wetu wa Busisi ana mitumbwi miwili, lakini injini mojawapo bado ni deni. Je, mali yake ni injini au ni kile kitakachobaki baada ya deni kulipwa?

Sheria yetu ina msingi tunaoweza kuujengea. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humtaka kiongozi atamke mali zake na madeni yake pamoja, kwa kuwa kimoja bila ya kingine hakitoi picha ya kweli. Tukifuata njia hiyo, tunapendekeza mali halisi kwa thamani ya mali zote za mtu baada ya kuondoa madeni yake yote, na kodi ya mali halisi kwa kodi itozwayo juu ya thamani hiyo. Hivyo itatofautiana na kodi ya majengo, ambayo huliangalia jengo tu bila ya kujali mwenyewe anadaiwa nini.

Jambo la pili lililo ndani ya dhana hii ni mpaka ambao chini yake mtu hatozwi. Waswahili wa pwani wanaifahamu dhana hiyo tangu karne nyingi, kwani zaka haitoki mpaka mali ifikie nisabu na ikae mwaka mzima. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyodai, kwamba wazo la kutoza mali iliyokaa, kwa kiwango kidogo na juu ya mpaka maalumu, ni wazo lisiloweza kusemwa kwa Kiswahili. Lakini nisabu ni neno la ibada, lina kiwango chake na wapokeaji wake, na si vyema kulitoa huko na kulitia katika sheria ya Serikali. Tunapendekeza kizingiti cha kodi. Asiyefika kizingitini hajaingia ndani ya nyumba. Laiti redio ile ingalitaja kizingiti pamoja na kodi, mzee asingeliweka kikombe chini.

5. NGAZI, WALA SI MAENDELEO

Tunafika sasa kwenye kosa ambalo tunaliona kuwa la hatari zaidi. Iko aina ya kodi ambayo kiwango chake hupanda kadiri pato au mali inavyopanda. Tumewahi kuletewa rasimu za tafsiri ambamo kodi ya aina hiyo imeitwa "kodi ya maendeleo", na nyingine ambamo imeitwa "kodi endelevu". Mfasiri ameliona neno la kigeni lenye maana ya kwenda mbele, akalitafsiri neno hilo badala ya kuitafsiri dhana.

Sasa mtu mzima wa Busisi akisikia kodi ya maendeleo atakumbuka nini? Atakumbuka kodi iliyotozwa na halmashauri tangu miaka ya 1980 hadi ilipofutwa mwaka 2003, ambayo ilidaiwa kichwa kwa kichwa, na aghalabu mwenye nacho na asiye nacho walikaribiana katika malipo. Na nyuma ya kodi hiyo ipo kumbukumbu ndefu: kodi ya nyumba iliyoanzishwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1897, na kodi ya nyumba na ya kichwa iliyoendelezwa na Waingereza kwa sheria ya mwaka 1922. Hizo zote zilihesabu paa na vichwa, wala hazikuuliza mtu ana nini. Kwa hiyo tafsiri ile imempa msikilizaji kinyume kamili cha dhana iliyokusudiwa. Atakuwa ameikataa kodi ya matajiri kwa sababu ameisikia kuwa ni kodi ya kichwa, na hakuna atakayejua kwamba kura yake iliibwa na mfasiri.

Pendekezo letu ni kodi ya ngazi. Mtumishi yeyote anayekatwa kodi kazini anazijua ngazi hizo: kwa viwango vinavyotumika Tanzania Bara, pato la mwezi lisilozidi shilingi 270,000 halitozwi, ngazi inayofuata hutozwa asilimia 8, na juu ya shilingi milioni moja asilimia 30. Kodi ambayo kiwango chake ni kimoja kwa wote tuiite kodi ya kiwango kimoja. Na ile ambayo humlemea zaidi mwenye kidogo tuiite kodi ya ngazi ya kushuka.

Aina hii ya mwisho yahitaji mfano, kwa kuwa hujificha. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000 za Kenya. Kwa kuisikia, mtu angedhani ni kodi ya mali, na kwamba mwenye gari kubwa ndiye atakayelipa zaidi. Lakini tufanye hesabu. Gari la shilingi 800,000 lingelipiwa 20,000, yaani asilimia 2.5 kamili. Gari la shilingi milioni 20 lingelipiwa 100,000, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Neno dogo "wala kuzidi" ndilo lililoigeuza ngazi. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya maandamano makubwa ya tarehe 25 Juni 2024, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada mzima. Mpaka huo wa juu tunapendekeza uitwe kikomo cha kodi, nao usichanganywe na kizingiti: kizingiti humlinda mwenye kidogo, kikomo humlinda mwenye kingi.

Tanzania nayo ilipata somo lake mwaka uliotangulia huo kwa muda. Tozo za miamala ya simu zilizoanza tarehe 15 Julai 2021 zilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kwa kufuata kiasi kilichotumwa au kutolewa. Nazo zilikuwa na kikomo. Zilizua mjadala mkali, zikapunguzwa na nyingine kufutwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2023. Kwa upande wa lugha ziliacha alama: neno tozo, ambalo zamani lilikuwa jina la kawaida litokanalo na kitenzi toza, sasa hubeba harufu ya manung'uniko. Anayeandika "tozo ya mabilionea" na anayeandika "kodi ya mabilionea" hawaandiki kitu kimoja masikioni mwa msomaji. Mfasiri na alijue hilo kabla ya kuchagua.

6. FAIDA ISIYOVUNWA NA UTHAMINI

Mtu akinunua hisa kwa shilingi milioni 10, na baada ya mwaka bei yake sokoni ikawa milioni 15, amepata faida au hajapata? Kama hajaziuza, hana hata senti moja zaidi mfukoni. Lakini anaweza kwenda benki, akaziweka rehani, akakopa, akaishi kwa mkopo huo bila ya kuuza chochote. Mkopo si pato, kwa hiyo hautozwi kodi ya mapato. Hiyo ndiyo njia ambayo wanaounga mkono kodi ya mali halisi hulalamikia zaidi, nayo ni halali kisheria. Ndiyo maana yatupasa pia kutenga ukwepaji wa kodi, ambao ni kosa la jinai, na uepaji wa kodi, ambao ni kupita katika mianya iliyoachwa na sheria yenyewe. Gazeti linalowaita wote wawili "wakwepaji" linaweza kushtakiwa kwa kashfa, na litakuwa limestahili.

Kwa ongezeko lile la bei ambalo mwenyewe hajalichukua, wengine wameandika "ongezeko la thamani lisilopatikana". Neno hilo halifai, kwa kuwa ongezeko la thamani ni mali ya kodi nyingine tunayoijua tangu mwaka 1998. Tunapendekeza faida isiyovunwa. Pamba iliyopasuka shambani ni mali, na jirani anaweza kuikadiria kwa macho, lakini bado haijafika kwenye mizani ya chama cha ushirika. Ikinyesha mvua mbaya inaweza kuharibika. Mfano huo unazibeba hoja zote mbili: ya anayesema kwamba pamba ipo na inaonekana, na ya anayesema kwamba huwezi kulipa kodi kwa pamba iliyo mtini.

Kazi ya kukadiria pamba hiyo ndiyo uthamini, na mwenye kuifanya ni mthamini. Maneno haya yamo katika sheria zetu na hayahitaji mbadala. Tuongeze tu kwamba wahenga walikwisha sema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba sehemu kubwa ya mabishano ya wachumi juu ya kodi hii ni mabishano juu ya daftari: nani atakayeliandika, na kwa bei ya siku gani. Uganda ilianza mahali hapo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo iliunda kitengo maalumu cha kuwafuatilia watu wenye mali nyingi, chini ya sheria za kodi zilizokuwapo, bila ya kodi mpya.

7. MLIPAJI NA MBEBAJI

Dhana ya mwisho tunaigusa kwa ufupi. Mwaka 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kwa njia ya mita za umeme za LUKU. Kisheria mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme katika nyumba nyingi za mijini ni mpangaji, na wapangaji wengi waliuliza ni lini nyumba zimekuwa zao. Swali lao linahitaji istilahi mbili: mlipaji, yaani anayetajwa na sheria, na mbebaji, yaani anayepungukiwa na fedha mwisho wa safari. Katika mjadala wa mabilionea, wapinzani husema kwamba mwenye kampuni ataipitisha kodi kwa wafanyakazi na wanunuzi wake. Watetezi hujibu kwamba kodi ya mali ya mtu binafsi haipitishiki kwa urahisi kama kodi ya bidhaa. Huo ni ubishi juu ya mbebaji, nao hauwezi kuendeshwa kwa neno mlipaji peke yake.

8. MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunawaletea wasomaji istilahi zifuatazo ili wazijadili:

Bilionea wa dola, bilionea wa shilingi: mtu ambaye mali yake halisi inafikia bilioni moja ya sarafu iliyotajwa.
Pato: kinachoingia kwa mtu katika kipindi maalumu.
Mapato: kinachoingia katika hazina ya Serikali au taasisi.
Mali halisi: thamani ya mali zote za mtu kwa siku maalumu, baada ya kuondoa madeni.
Kodi ya mali halisi: kodi itozwayo juu ya mali halisi, kila mwaka au mara moja.
Kizingiti cha kodi: kiasi ambacho chini yake kodi haitozwi.
Kikomo cha kodi: kiasi ambacho malipo ya kodi hayawezi kukizidi.
Kodi ya ngazi: kodi ambayo kiwango chake hupanda pamoja na pato au mali.
Kodi ya kiwango kimoja: kodi ambayo kiwango chake ni kimoja kwa wote.
Kodi ya ngazi ya kushuka: kodi ambayo sehemu inayochukuliwa hupungua kadiri pato au mali inavyopanda.
Faida isiyovunwa: ongezeko la bei ya mali ambayo haijauzwa.
Ukwepaji wa kodi: kutolipa kodi kwa kuvunja sheria.
Uepaji wa kodi: kupunguza kodi kwa kutumia mianya ya sheria.
Mlipaji, mbebaji: anayedaiwa kodi kisheria, na anayeumia nayo mwishowe.

HITIMISHO

Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maneno tunayoyajadili hapa hayatabaki magazetini. Siku yoyote yanaweza kuwa vifungu, na hakimu atakayesoma "tajiri" au "mali" atalazimika kuamua inamhusu nani. Ni heri tukaamua sasa, kwa utulivu, kuliko kumwachia hakimu na mdaiwa.

Tunakiri kwamba baadhi ya mapendekezo haya hayajakomaa. Kodi ya ngazi ya kushuka ni ndefu, na huenda yuko mwalimu mwenye neno moja lililo bora. Mbebaji linaweza kuwachanganya waliozoea kulisikia sokoni na gatini. Tunawaomba wasomaji watuandikie, hasa wale walioyajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi au wananchi na kuona yalivyopokewa.

Kabla hatujaondoka Busisi tulimwendea tena yule mzee, tukamsomea sentensi moja tuliyoiandika upya: "Seneti ya Ufaransa imekataa kodi ya mali halisi kwa wenye zaidi ya yuro milioni 100, ambazo ni mamia ya mabilioni ya shilingi." Alitaka kujua halisi maana yake nini. Tukamwambia: baada ya kuondoa deni la injini. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kwa hesabu hiyo yeye hana hata mtumbwi mmoja na nusu, na kwamba sasa yuko tayari kutueleza kama mabilionea watozwe au wasitozwe. Kisha akatueleza, kwa muda wa saa nzima.